Jukwaa la Mita Moja: Matamasha Bora na Mabovu ya 1969

Wengi wakiirudia filamu ya Gimme Shelter husubiri kisu. Mimi macho yangu huwa kwenye mbao. Tazama tena pale Jefferson Airplane wanapopiga mchana: nyuso za watu wa safu ya kwanza ziko usawa wa magoti ya wanamuziki. Hakuna uzio, hakuna nafasi ya wapiga picha, hakuna pa kukimbilia. Jukwaa lina kimo cha mita 1 hivi, na mbele yake kuna umati unaokadiriwa kufika watu 300,000, umeenea kwenye mteremko unaoshukia papo hapo. Nikishaona hivyo sihitaji kufika mwisho wa filamu ili nijue nani anashika mkia katika orodha ya 1969. Ni Altamont, Desemba 6, na Rolling Stones walikuwa wameshaiharibu siku ile kabla Charlie Watts hajashika vijiti.

Orodha nzima naipanga kwa kipimo ambacho wasomaji wa safu hii wamekizoea: kazi ya waliopanda jukwaani na kazi ya waliolijenga jukwaa lenyewe. Tope, maua na habari za nyuma ya pazia zina waandishi wake.

Namba 1 ni Woodstock, Agosti 15 hadi 18, kwa Santana, kwa Sly and the Family Stone alfajiri ya Jumapili, na kwa sababu nyingine nitakayoifikia. Namba 2 ni Rolling Stones hao hao pale Madison Square Garden, Novemba 27 na 28: Keith Richards na Mick Taylor wakipokezana gitaa bila kukanyagana, ingawa Tina Turner, aliyewatangulia, alikuwa amewaachia mlima wa kupanda. Namba 3 ni Beatles juu ya paa la Savile Row, Januari 30: dakika 42 kwenye baridi, Billy Preston kwenye kinanda, kila chombo kinasikika. Namba 4 ni Toronto, Septemba 13, ambako John Lennon alikuja na bendi iliyofanya mazoezi ndani ya ndege, na wazee Little Richard na Chuck Berry wakaibeba siku. Namba 5 ni Isle of Wight, Agosti 31: Bob Dylan na The Band, saa moja ya kazi safi baada ya kuwachelewesha watu mno. Chini kabisa wako watatu: Hyde Park, The Doors huko Miami, na Altamont.

Sasa turudi kwenye mbao.

Mnakumbuka tamasha lenyewe lilivyozaliwa. Magazeti ya San Francisco, mwandishi Ralph Gleason akiwa mbele, yalilalamikia bei ya tiketi za ziara ile, na Stones wakajibu kwa kutangaza onyesho la bure. Hifadhi ya Golden Gate ikashindikana. Ikapatikana Sears Point, uwanja wa mashindano ya magari, na mafundi wakaanza kujenga. Wenye uwanja walipodai fedha na haki za usambazaji wa filamu, mazungumzo yakavunjika. Zikiwa zimebaki chini ya saa 48, kila kitu kikang'olewa na kuhamishiwa uwanja mwingine wa magari, Altamont, mashariki ya San Francisco.

Jukwaa lile la mita 1 lilichorwa kwa ajili ya Sears Point. Kule lingekaa juu ya mwinuko, watu wakiwa chini yake. Anayetaka kulifikia ingebidi apande, na anayesukuma angekuwa anasukuma kuelekea juu. Ardhi yenyewe ingefanya kazi ya uzio, kwa hiyo mita 1 ilitosha. Altamont hali ilipinduka: jukwaa likawekwa chini ya mteremko. Mafundi wakalijenga vilevile, kimo kilekile, na hakuna mwenye mamlaka aliyesema simameni. Huo ndio uamuzi ninaoulaani. Kila balaa lililofuata siku ile lilipitia hapo.

Jukwaa likiwa mita 1, watu wakiwa wamesimama, anayeona vizuri ni wa safu mbili tatu za mwanzo. Wa safu ya kumi anaona visogo. Asiyeona husogea, na wa nyuma yake husogea naye. Kwenye uwanja tambarare msukumo huo hupungua njiani, kwa sababu kila mtu anaweza kukaza miguu. Kwenye mteremko uzito wa miili huongezeka kila hatua ya kushuka, na wa mbele hana wa kumwegemea ila ukingo wa jukwaa. Akizidiwa ana njia moja tu, nayo ni kupanda juu. Ukiitazama filamu kwa jicho hilo utaona kwamba wengi wanaorukia jukwaani si wakorofi. Ni watu wanaotafuta hewa. Na waliokuwa juu waliwapokea kwa fimbo za mchezo wa pool.

Hapo ndipo Hells Angels wanapoingia, na hapo ndipo wachambuzi wengi hupotea njia. Wanaandika kana kwamba kosa lilikuwa kuwaita wale waendesha pikipiki kwa bia ya dola 500. Lilikuwa kosa, tena kubwa, na Grateful Dead waliowapendekeza, kisha wakafika, wakaona vurugu na kuondoka bila kupiga hata wimbo mmoja, hawajalaumiwa vya kutosha. Lakini jiulize: kwa nini mabaunsa walikaa juu ya jukwaa? Kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Jukwaa refu lenye uzio mbele huwapa mabaunsa ujia wa kutembea, na kati ya ngumi na shabiki hubaki nafasi. Jukwaa fupi linamfanya baunsa mwenyewe awe uzio. Pikipiki zao ziliegeshwa pale pale mbele, umati ukisukumwa unaziangukia, na kila iliyoguswa ikawa sababu ya kipigo. Marty Balin wa Jefferson Airplane aliposhuka kumtetea mtu, alipigwa akazimia, bendi yake ikiwa katikati ya onyesho. Baadaye, Jagger akiwa anaimba, mbwa anakatiza jukwaa kwa miguu yake. Jukwaa ambalo mbwa analipanda atakavyo si jukwaa.

Chip Monck, fundi mkuu, alijieleza miaka mingi baadaye: hawakuwa wakitumia kiunzi cha vyuma, na ingewezekana kuweka jukwaa jingine chini ya lile ili liinuke, ila hakuna aliyekuwa nalo. Naiheshimu kazi ya Monck, naye aliilipia siku ile, maana aling'olewa meno akijaribu kuokoa zulia la jukwaa. Lakini utetezi wake unathibitisha shtaka. Kama dawa ilijulikana na haikupatikana, mgonjwa hakupaswa kupelekwa chumba cha upasuaji. Na dawa haikuwa hiyo moja tu. Malori yaliyoleta vyombo yangepangwa ubavu kwa ubavu mbele ya jukwaa yakawa ukuta. Jukwaa lingepelekwa upande wa juu wa mteremko. Likishindikana lote, kuna neno ambalo kila promota mwenye akili analo mfukoni: tumeahirisha. Bill Graham, aliyeziendesha kumbi za Fillmore kwa mkono wa chuma, angelitamka bila kupepesa macho.

Stones wakaongeza kosa lao la siku zote, kungoja giza. Crosby, Stills, Nash and Young walimaliza mapema jioni, kisha umati uliokwisha kupigwa na baridi ukaachwa ungoje muda mrefu. Nimelisema hili mara nyingi katika safu hii na nitalisema tena: msanii anayechelewa ili giza limpambe anaikopa subira ya watu, na deni hilo hulipwa na mabaunsa. Walipopanda, walipiga vizuri. Brown Sugar ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza usiku huo, na Taylor hakukosea noti. Mstari huo mmoja unawatosha.

Meredith Hunter, kijana wa miaka 18 mwenye suti ya kijani, alichomwa kisu wakati wa Under My Thumb, hatua chache kutoka ukingo wa jukwaa. Filamu inaonyesha alikuwa ametoa bastola, na Alan Passaro wa Hells Angels aliyemchoma aliachiwa na mahakama mwaka 1971 kwa hoja ya kujilinda. Siku ile walikufa watu 4: Hunter, wawili waliogongwa na gari, na mmoja aliyezama kwenye mfereji. Bado wako wanaoandika kwamba Sympathy for the Devil iliita mauti, eti miaka ya sitini ilikuja kufia pale. Nimeichoka hadithi hiyo. Kwanza wimbo si huo. Pili, ukimtwisha shetani lawama, fundi na meneja wanakwenda zao, na mwakani wanajenga jukwaa lilelile.

Ushahidi wangu mkubwa ni Woodstock, na ndiyo sababu iko namba 1. Nako walifukuzwa: mji wa Wallkill uliwakatalia katikati ya Julai, zikiwa zimebaki wiki nne tu. Nako jukwaa lilikaa chini ya mteremko, shambani kwa Max Yasgur. Nako umati ulizidi matarajio, ukapita 400,000. Fundi alikuwa Chip Monck huyo huyo, na Michael Lang, aliyekuwa mmoja wa waandaaji, ndiye aliyepanda helikopta kusaidia kuitafuta Altamont. Tofauti ni nini? Muda ulipowabana Woodstock, walilazimika kuchagua kati ya kumaliza uzio wa kukusanyia tiketi na kumaliza jukwaa. Wakachagua jukwaa. Wakapoteza fedha, wakapata jukwaa lililozidi kimo cha mtu, lenye uzio wa mbao mbele na ujia wa wapiga picha. Watu wa Hog Farm, waliopewa ulinzi, walitembea kati ya watu na kugawa chakula. Haikuwa kazi isiyo na doa: lile duara la kuzungushia vyombo lilielemewa na uzito na kuvunjika, Grateful Dead walipigwa shoti na vyombo vyao wenyewe, na kijana mmoja aliuawa na trekta akiwa amelala. Lakini siku zote hizo, mvua na tope, jukwaa halikuvamiwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hyde Park ya Stones, Julai 5, iko mkiani kwa sababu ndiko kosa la Altamont lilikofundishwa. Brian Jones, mpiga gitaa wao wa zamani, alikuwa amekufa siku mbili kabla, na huzuni ile imewafanya wachambuzi walihurumie onyesho. Mimi nalisikiliza kama onyesho. Magitaa hayakupatana sauti, bendi ilikuwa na kutu ya zaidi ya miaka 2 bila ziara, na vipepeo weupe waliofunguliwa kwa heshima ya marehemu wengi walitoka boksini wakiwa wamekufa. King Crimson waliowatangulia waliwafunika, na Ginger Johnson na wapiga ngoma wake wa Kiafrika ndio walioipa Sympathy for the Devil uhai. Lakini dhambi kubwa ni funzo walilolibeba. Ulinzi ulifanywa na vijana wa London waliovaa nembo za Hells Angels na kusimama kwa adabu. Stones wakaondoka wakiamini kwamba Angels wa California ni haohao. Hawakuwa haohao.

Miami, Machi 1, sitaipa nafasi kubwa. Viti viling'olewa ukumbini ili waingizwe watu zaidi, Jim Morrison akafika kachelewa na amelewa, akahutubia badala ya kuimba. Serikali ya Florida ilimsamehe mwaka 2010 kwa kesi iliyofuata. Kwa onyesho lenyewe, mimi bado sijamsamehe.

Na kama mtu ataniambia kwamba 1969 ndio kilele cha matamasha ya roki, nitamrudisha Monterey, Juni 1967. Otis Redding alipanda usiku, mvua na ratiba vikiwa vimeshamla muda, akapewa nafasi ya nyimbo 5. Nyuma yake walikuwa Booker T. and the M.G.'s waliovaa suti na kujua kila pumzi yake. Hakumlalamikia mtu, hakungoja giza limpambe. Alichukua wimbo wa Stones wenyewe, Satisfaction, akaupiga kwa kasi ambayo wenye wimbo hawakuifikia mwaka wote wa 1969, pamoja na ile Madison Square Garden niliyoipa namba 2. Nyimbo 5, hakuna aliyeumia, na watu wa roki walioletwa na majina mengine wakaondoka wakilitaja lake.

Haya si mambo ya Marekani ya zamani tu. Hapa kwetu kila msimu wa matamasha kuna promota anayeweka jukwaa la harusi mbele ya umati wa uwanja wa mpira, kisha akawalaumu mashabiki kwa kukosa ustaarabu. Kanuni ni moja: ukihamisha uwanja, jukwaa linachorwa upya. Pima mteremko unaelekea wapi, inua mbao zipite kimo cha mtu, weka uzio na ujia wa mabaunsa, ndipo uruhusu spika ya kwanza iwashwe. Usipoweza, funga malori urudi nyumbani. Stones wangefanya hivyo Desemba 5, ziara yao ingebaki na namba 2 peke yake katika orodha hii, na Meredith Hunter angelala kwao Berkeley. Anayesaini hundi ya uwanja asaini na kimo cha jukwaa, jina lake liwe chini ya vipimo hivyo, ili siku ya kuulizwa ajulikane.