Mchezaji Aliyenyang'anywa Shujaa: Upeo wa Matarajio na Masimulizi ya Wachezaji wa Metal Gear Solid 2: Sons of Liberty

5.1 Utangulizi

Sura hii inahakiki namna wachezaji walivyoupokea mchezo wa video wa Metal Gear Solid 2: Sons of Liberty, uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 2001 kwa ajili ya mtambo wa PlayStation 2, chini ya uongozi wa Hideo Kojima. Mchezo huo ni mwendelezo wa Metal Gear Solid wa mwaka 1998, na ni wa utanzu wa michezo ya kunyatia, yaani michezo ambayo mchezaji hashindi kwa wingi wa risasi bali kwa kupita pasipo kuonekana.

Tatizo linaloshughulikiwa ni la upokezi. Wachezaji wengi wa mwanzo walilalamika kwamba mwendelezo huo uliwanyang'anya shujaa waliyemngoja, Solid Snake, ukawapa mgeni aitwaye Raiden. Baadhi ya wahakiki waliokuja baadaye wameusifu mchezo huohuo kuwa ulitangulia wakati wake, wakayachukulia malalamiko yale kuwa ni dalili ya kutoelewa. Sura hii inadai kwamba malalamiko hayo ni usomaji kamili, na kwamba mhakiki anayeyafuta ili kuisifu kazi hubaki na nusu ya matini. Hoja hiyo inajengwa kwa kufuatilia jambo dogo la kisarufi: nafsi anayoitumia mchezaji anaposimulia alichokipitia.

5.2 Mkabala wa kinadharia

Uchambuzi unaongozwa na nadharia ya upokezi. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alieleza kwamba msomaji haijii kazi akiwa mtupu. Huja na upeo wa matarajio uliojengwa na utanzu anaoufahamu, kazi alizozisoma awali na matumizi ya kawaida ya lugha. Umbali uliopo baina ya upeo huo na kazi mpya ndio unaompa mhistoria wa fasihi kipimo cha athari ya kazi hiyo. Wolfgang Iser aliongeza dhana ya mapengo: matini haisemi kila kitu, na maana hutokea pale msomaji anapojaza yaliyoachwa wazi.

Wanazuoni hao walikuwa na kitabu mbele yao. Uhakiki wa Kiswahili una chombo kingine cha kuongezea, nacho ni dhana ya utendaji katika fasihi simulizi, ambamo fanani na hadhira hukamilishana. Mchezo wa video unakaribiana na utendaji kwa kuwa kila unapochezwa tukio huwa jipya. Hata hivyo, ulinganisho huo una mpaka. Hadhira ya mtambaji inaweza kuguna naye akabadili mwendo palepale, ilhali programu iliyokwisha kuandikwa haimsikii mchezaji. Mguno wake hubaki hewani, na mtunzi akiusikia hawezi kuujibu ila katika kazi inayofuata. Hili litarejewa katika 5.7.

5.3 Nafsi ya kwanza: meli ya mafuta

Upeo wa matarajio wa wachezaji wa mwaka 2001 unajulikana. Walikuwa wamemaliza Metal Gear Solid, wakapenya kisiwa cha Shadow Moses wakiwa na Snake na kuzoea hila za mtunzi wake, kama vile adui Psycho Mantis anayejifanya kusoma fikra kwa kutaja michezo iliyohifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu ya mchezaji. Mwaka 2000 walimwona Snake katika video ya matangazo iliyooneshwa Los Angeles. Mwaka 2001 waliweza kumchezesha wenyewe katika onyesho lililofungashwa pamoja na mchezo wa Zone of the Enders. Raiden hakutangazwa.

Sehemu ya kwanza ya mchezo inautimiza upeo huo, na kuupita. Snake anaruka kutoka Daraja la George Washington usiku wa mvua na kutua juu ya meli katika Mto Hudson. Kwa nje ni meli ya mafuta, lakini tumboni imebeba silaha ya siri. Humo kila kitu kinaweza kumsaliti mnyatiaji. Kivuli chake kikitangulia kwenye kona, mlinzi anaweza kukiona. Akikaa mvuani muda mrefu hupiga chafya. Mlinzi aliyelazwa kwa bastola ya dawa ya usingizi sharti aburutwe na kufichwa kabatini, kwani mwenzake akimkuta atamwamsha kwa teke. Na mlinzi asipotoa taarifa kwa redio ya upepo, wengine hutumwa kuchunguza.

Masimulizi yanayotokana na sehemu hii yana umbo linalofanana: nilijificha kabatini, nikasikia hatua zake, nikashusha pumzi, alipogeuka nikapita. Nafsi ni ya kwanza umoja. Msimulizi hasemi kwamba Snake alijificha. Kiambishi ni- kinawabeba wawili, mchezaji na mhusika, bila mshono kuonekana. Chanzo cha mshikamano huo kimo katika utanzu. Kunyatia ni kungoja, na katika kungoja mwili wa mchezaji unafanya lilelile linalofanywa na mwili wa mhusika: wote wawili wametulia, wote wanasikiliza. Pengo la Iser hapa ni ukimya, na mchezaji analijaza kwa pumzi zake mwenyewe. Ndiyo maana simulizi za aina hii hazichoshi zinapobadilishanwa. Walinzi ni walewale, lakini hakuna wawili waliowapita kwa njia moja.

5.4 Nafsi ya tatu: Big Shell

Meli inazama na Snake analaumiwa. Hadithi inaruka miaka miwili hadi Big Shell, kituo cha majini karibu na New York kilichojengwa, kwa maelezo rasmi, ili kusafisha bahari baada ya maafa hayo. Askari aliyevaa barakoa anaingia kutoka chini ya maji. Redioni anaitwa Snake, lakini sauti yake ni ya kijana asiyejulikana. Punde mkuu wake anambadilishia jina la siri, na ndani ya lifti barakoa inavuliwa. Mwenye uso huo ni Raiden, naye ndiye atakayeongozwa na mchezaji hadi mwisho.

Baada ya tukio hilo sarufi ya masimulizi hubadilika. Wachezaji walioeleza kuvunjika moyo walisema: analalamika mno, ni mlegevu, anazozana na mpenzi wake Rose katikati ya kazi, anateleza juu ya kinyesi cha ndege. Kiambishi ni sasa a-. Vitufe vilevile vinabonywa, makabati yaleyale yanatumika kujifichia, lakini mchezaji amejitenga na mwili anaouendesha.

Mchezo unakoleza utengano huo kwa kinaya. Askari mmoja anajitambulisha kwa Raiden kwa jina la Pliskin. Raiden hamjui. Mchezaji wa siku nyingi anamtambua kwa sauti: ni Snake. Shujaa aliyekuwa ndani ya kiambishi ni- amekuwa jirani anayepita na kwenda zake, na mchezaji amebaki kumtazama kupitia macho ya mtu asiyemjua. Kusema kwamba wachezaji waliolalamika hawakuielewa sehemu hii ni kukosea. Kazi imeundwa ili wajione wamewekwa kando, nao wakajiona hivyo. Lalamiko lao ni maelezo sahihi ya umbo la kazi, hata kama limetolewa kwa hasira.

5.5 Nafsi ya pili: Arsenal Gear

Theluthi ya mwisho inaleta nafsi ambayo masimulizi hayakuitarajia. Raiden anajikuta ndani ya ngome ielekayo iitwayo Arsenal Gear, uchi, mikono ikiwa imeziba utupu wake, hivyo hawezi kushika silaha. Mkuu wake wa redioni, ambaye itabainika kuwa si binadamu bali ni programu, anaanza kuropoka na kumwagiza azime mtambo wa kuchezea. Raiden hana mtambo wa kuzima, na agizo linampita likamfikia aliyeketi mbele ya televisheni. Baadaye, katikati ya mapigano, unatokea ukurasa wa kushindwa ulio wa uongo, ambao maneno yake yamevurugwa herufi, huku pambano likiendelea katika kidirisha kidogo. Aliyedanganyika akaacha kubonya, anashindwa kweli.

Hapo ndipo hadithi inapojifunua. Ocelot anamweleza Raiden kwamba mkasa wote wa Big Shell ulipangwa kuwa marudio ya Shadow Moses, ili kuona kama askari wa kawaida akipitishwa katika mambo yaleyale atageuka kuwa Snake. Maelezo hayo yanamhusu Raiden, aliyefunzwa kwa mazoezi ya kompyuta. Yanamhusu vilevile mchezaji, ambaye mwaka 1998 alipitia mambo hayo kwa mazoezi ya namna hiyohiyo na sasa amelipia kuyapitia tena. Kuingia kwa kutokea majini, lifti ya mwanzo, ninja aliyefunika uso: yote aliyafurahia kama mazoea ya mwendelezo, kumbe yalikuwa sehemu ya jaribio. Matarajio yake ndiyo yaliyokuwa mada.

Ishara ya mwisho ni kibati cha utambulisho cha askari. Mwanzoni mwa sehemu ya Big Shell mchezaji hutakiwa kuandika jina lake katika kompyuta. Mwishoni Raiden anakutwa na kibati chenye jina hilo shingoni. Anakisoma, kisha anakitupa. Tukio hilo husimuliwa kwa njia mbili zinazopingana. Wapo waliolichukulia kama kufukuzwa: jina langu limetupwa. Wapo walioliona kama kuachiliwa, kwa kuwa mhusika amekataa kuendelea kuwa nguo ya mtu mwingine. Kazi haichagui baina ya hizo mbili. Inafaa kuangaliwa, hata hivyo, kwamba kila moja inaihitaji nyenzake. Asiyeumia jina lake linapotupwa hana sababu ya kuuona uhuru wa Raiden kuwa na gharama yoyote.

Kuna pengo jingine ambalo halikutungwa. Mchezo ulitoka miezi michache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na onyesho la Arsenal Gear ikiivamia Manhattan liliondolewa. Mchezaji anajikuta ghafla juu ya paa la Federal Hall. Baadhi waliusoma mruko huo kama sehemu ya mkanganyiko uliokusudiwa. Historia ilikuwa imekata matini, na wasomaji wakaishona.

5.6 Mipaka ya kazi

Kutetea malalamiko hakumaanishi kwamba kazi haina dosari. Hoja zake nzito zaidi, hasa ile ya programu kudai haki ya kuchuja habari kwa niaba ya wanadamu wanaozama katika takataka za kidijitali, hutolewa kwa hotuba ndefu za redioni. Wakati wote huo mchezaji hana la kufanya ila kubonya ili sentensi inayofuata ije. Mchezo unaohubiri kwamba mtu ajichagulie maana umemfunga mikono msikilizaji wake. Tofauti yake na ukurasa wa uongo ni kubwa: ukurasa ule unafundisha shaka kwa kidole cha mchezaji mwenyewe, hotuba inaifundisha kwa masikio tu. Sifa za baadaye zimeegemea mno hotuba hizo, kwa kuwa zinanukulika na zinaonekana kutabiri zama za sasa. Masimulizi ya wachezaji yanaelekeza kwingine. Wanachokumbuka kwa uchungu au kwa kicheko ni barakoa, utupu, kibati.

5.7 Jibu la mwendelezo

Ilidaiwa katika 5.2 kwamba mguno wa hadhira ya mchezo wa video hujibiwa katika kazi inayofuata. Metal Gear Solid 3: Snake Eater ya mwaka 2004 inathibitisha hilo. Mwanzoni inamwuliza mchezaji anapenda mchezo upi wa mfululizo. Akijibu kwamba anapenda wa pili, Snake anaanza akiwa amevaa uso wa bandia wa Raiden. Ndani ya hadithi hiyohiyo yumo afisa Raikov, anayefanana mno na Raiden, ambaye mchezaji sharti amshinde na kuvaa sare yake. Mwaka 2008 Raiden alirudi akiwa mpiganaji wa kutisha katika mchezo wa nne, na mwaka 2013 akawa mhusika mkuu wa Metal Gear Rising: Revengeance. Mfululizo haukuyapuuza malalamiko. Uliyachukua, ukayafanyia mzaha, kisha ukayageuza kuwa historia ya mhusika. Kwa hiyo malalamiko yamo ndani ya matini, na hayawezi kuwekwa nje ya uhakiki wake.

5.8 Hitimisho

Sura imeonesha kwamba masimulizi ya wachezaji wa Metal Gear Solid 2 yanapita katika nafsi tatu: ni- ya kunyatia pamoja na Snake, a- ya kujitenga na Raiden, na wewe anayeitwa na kazi yenyewe. Mpito huo ndio mantiki ya mchezo, na aliyenung'unika aliupitia kwa ukamilifu kuliko anayeanza na hotuba za mwishoni akijua tayari kwamba kazi inasifiwa. Msomaji wa leo anayejua kabla ya kuanza kwamba shujaa atabadilishwa hawezi kunyang'anywa kitu. Kwa sababu hiyo ushahidi wa walionyang'anywa hauwezi kupatikana upya, na uhakiki wa Kiswahili unaotaka kuishughulikia michezo ya video, ambao tayari una mazoea ya kumsikiliza fanani pamoja na hadhira yake, una wajibu wa kuuhifadhi pamoja na ukali wake.