Kupoza Ubongo: Somo la Mulago kwa Kigali

Hospitali ya Ndera, hapa Kigali, inahudumia wagonjwa wengi wa kifafa. Kwa baadhi yao chanzo ni uzazi mgumu: mtoto alikosa hewa, ubongo ukaumia. Ndiyo maana jaribio la Hospitali ya Mulago, Kampala, lililochapishwa mwaka 2008 na Nicola Robertson, Margaret Nakakeeto na wenzao, linatuhusu.

Watoto waliozaliwa wamechoka kwa kukosa hewa walipozwa mwili hadi nyuzijoto 33 au 34 kwa saa 72. Ubongo uliopoa hutumia sukari na oksijeni kidogo, na ile awamu ya pili ya kufa kwa seli, inayokuja saa kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa, hupungua makali. Pasipo mashine ghali, Mulago walitumia chupa za maji ya bomba. Ngozi hudanganya, kwa hiyo joto hupimwa njia ya haja kubwa. Likishuka kupita kiasi, moyo hupiga polepole na damu huchelewa kuganda.

Kiufundi, chupa zilifaulu: joto lilishuka na likabaki chini. Lakini kati ya watoto 21 waliopozwa, 7 walifariki. Kati ya 15 wasiopozwa, alifariki mmoja. Idadi hiyo ni ndogo mno kutoa hukumu. Hukumu nzito ilikuja mwaka 2021 katika jaribio la HELIX, lililohusisha watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh. Huko kulikuwa na vyumba vya uangalizi maalumu, na bado vifo vilikuwa asilimia 42 kwa waliopozwa, 31 kwa wasiopozwa.

Madaktari wa ini waliwahi kuona jambo linalofanana na hili: kipimo kushuka bila ugonjwa wenyewe kupona. Ini likifeli ghafla, amonia hujaa kwenye damu na ubongo huvimba. Edinburgh, mwaka 1999, wagonjwa 7 walipozwa, na shinikizo ndani ya fuvu likashuka kutoka milimita 45 za zebaki hadi 16. Wanne waliofaa kupandikizwa ini walifikishwa kwenye upasuaji. Watatu wasiofaa walifariki baada ya kurudishiwa joto. Baridi iliwapa madaktari muda. Tiba yenyewe ilikuwa ini jipya.

Kwa hiyo kushuka kwa kipimo kusitulevye. Kabla ya kumpoza mtoto yeyote nje ya utafiti unaosimamiwa vizuri, tuhakikishe kila chumba cha kujifungulia kina mkunga anayejua kumpulizia mtoto hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, na kwamba oksijeni, sukari na dawa za degedege zipo karibu. Hapo ndipo kifafa kingi kinaweza kuzuiwa.