Heko, Madaktari wa Sungura

Sungura huficha maumivu. Leo amejikunyata pembeni, hataki kula, choo kimekoma. Kesho anarukaruka, na baada ya muda yanarudi yale yale. Nawapongeza madaktari wa mifugo wasiompuuza mgonjwa huyu kwa udogo wake. Huanza na kinywa, maana meno ya sungura hayaachi kukua, na ncha zake huweza kuchana ulimi. Hupapasa tumbo, husikiliza utumbo, huuliza habari za nyasi kavu anazolishwa. Wanajua kwamba amoksilini, dawa tuliyoizoea sisi, sungura akinyweshwa yaweza kumuua. Chanzo kisipoonekana, hawasemi "mchinje tu". Humwagiza mfugaji aandike daftarini kila tukio: saa, chakula, kinyesi. Kisha daftari hilo hulisoma kwa makini, ukurasa kwa ukurasa. Hongereni sana!