Kikapu Hiki Kakitengeneza Nani?

Msimu wa 2008-09, akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alipoondoka NBA, wastani wake wa jumla ulikuwa pointi 2.2. Sababu nyingi zimetajwa, na bloku zake zilikuwa za kweli. Mimi hurudi kwenye zile 13.6 na kujiuliza ni ngapi kati yake alizitengeneza mwenyewe.

Mchezaji mrefu hufunga kwa njia kuu tatu. Mwenzake humpenyezea mpira au kuurusha juu ya ringi, naye anaudaka na kuupigilia danki. Au mwenzake anakosa, yeye anaokota ribaundi na kuurudisha papo hapo. Au anapewa mpira akiwa amekipa kikapu mgongo, walinzi wameshajipanga. Anadunda, anageuka, anamhadaa anayemkaba, anatupa. Hii ya tatu ndiyo kujitengenezea mtupo. Asilimia ya ufungaji, takwimu tunayoikimbilia wote, inazitia zote tatu katika chungu kimoja.

Ushahidi mzuri ni DeAndre Jordan. Misimu mitano mfululizo, kuanzia 2012-13, aliongoza NBA kwa asilimia ya ufungaji akiwa na Los Angeles Clippers, na msimu wa 2016-17 alifika 71.4. Aliyekuwa akimlisha ni Chris Paul, mmoja wa wapasiaji hodari kabisa ambao ligi hiyo imewahi kuwaona. Kiangazi cha 2017 Paul akahamia Houston. Jordan akabaki mrefu uleule, mwenye mruko uleule, umri miaka 29, na msimu uliofuata asilimia yake ikashuka hadi 64.5. Ligi ina mambo mengi yanayobadilika kwa pamoja, kwa hiyo simtwishi Paul anguko lote. Hata hivyo, katika sehemu ya ile 71.4 tulikuwa tunaupima mkono wa mpasiaji.

Dawa ya kwanza ambayo wachambuzi huitumia ni kuhesabu vikapu visivyo na asisti. Kwa walinzi wafupi inafanya kazi vizuri. Kwa warefu ina mitego, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Chukua mfano wa kubuni: senta amefunga vikapu 8, vitano kwa asisti. Vitatu vilivyobaki vinasomeka kana kwamba ni vyake mwenyewe. Lakini viwili vilikuwa ribaundi alizorudisha ringini. Havina asisti, wala havikutengenezwa. Ni mabaki ya mtupo wa mwenzake. Kilichobaki ni kimoja. Asiyeondoa ribaundi za kurudisha atamsifu mwokotaji kwa ufundi wa mshonaji.

Mtego mwingine ni faulo. Mrefu anayegeuka vizuri mara nyingi hukatwa mkono kabla hajatupa, na safari ile ya kwenda kwenye mstari wa mitupo huru haiandikwi kama kikapu cha mtu yeyote. Tazama Joel Embiid wa Kameruni msimu wa 2022-23, alipokuwa mchezaji bora wa NBA kwa pointi 33.1 kwa mechi. Asilimia yake ya ufungaji ilikuwa 54.8, chini sana ya ile ya Jordan. Lakini kila mechi alitupa mara 20.1 na kupata mitupo huru 11.7, akiifunga kwa asilimia 85.7. Zidisha mitupo huru kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha kwa mbili, kisha ugawe pointi zake kwa jumla hiyo. Unapata ufanisi wa takriban asilimia 65.5, huku akibeba zaidi ya theluthi ya mashambulizi ya timu yake awapo uwanjani. Huo ni mzigo ambao Jordan hakuwahi kutwishwa.

Embiid huyohuyo anaonyesha kwamba asisti nayo si hakimu wa mwisho. Msimu ule alikuwa na Harden, kinara wa asisti wa ligi kwa 10.7. Embiid aliweka skrini, akasogea karibu na mstari wa mitupo huru, akapokea, akatupa. Asisti inaandikwa, ingawa warefu wachache sana duniani wanaufunga mtupo ule mkono wa mlinzi ukiwa usoni.

Na kuna tundu kubwa zaidi: asisti huandikwa kikapu kikiingia tu. Mitupo iliyokosa haina rekodi ya nani aliitengeneza, kwa hiyo karatasi ya kawaida haiwezi kutuambia mrefu anafunga kwa asilimia ngapi pale anapojitegemea. NBA ilifunga kamera za kufuatilia wachezaji katika viwanja vyake vyote kuanzia msimu wa 2013-14, na sasa huhesabu hata midundo kabla ya mtupo. Kocha wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kulikaribia jibu hilo kwa kalamu. Ampe mtu mmoja kazi ya kumfuatilia senta tu. Kila mtupo, uingie au ukose, na kila faulo anayofanyiwa akitupa, aandike P kwa pasi, R kwa ribaundi, M kwa mwenyewe. Baada ya mechi kumi, kocha asome safu ya M peke yake.