Kando ya Kitanda cha Mama: Umbo la Sura Iliyopotea ya Binyavanga

Mwandishi Binyavanga Wainaina alisoma Mang'u, shule ambayo watoto wengi wa mtaa wa Landless hapa Thika huiota. Januari 2014, Nigeria ikiwa imetia saini sheria dhidi ya wapenzi wa jinsia moja na mswada wa Uganda ukiwa umeshapitishwa bungeni, alichapisha maandishi mafupi, "I Am a Homosexual, Mum". Aliyaita sura iliyopotea ya kumbukumbu zake za mwaka 2011, One Day I Will Write About This Place. Wengi waliyapokea kama tangazo. Mimi nayasoma kama kazi ya sanaa, maana nguvu yake yote imo katika mpangilio.

Inaanza kwa tarehe: 11 Julai 2000, siku aliyofariki mamake. Papo hapo mwandishi anatuonya kwamba mambo hayakutokea hivyo. Kisha anasimulia. Yuko Hospitali ya Kenyatta, amefika kwa wakati, ameshika mkono wa mama uliovimba kwa kisukari, anamwambia sikioni jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Sentensi ni fupi, nyingine neno moja tu, zinapanda na kushuka kama pumzi za mgonjwa. Vitenzi navyo havitulii: mara wakati uliopo, mara wakati ujao. Wakati ujao, kwa mama aliyekufa miaka 13 kabla ya maandishi hayo kutoka!

Ndipo tarehe inarudi, safari hii na tukio la kweli. Yuko Afrika Kusini, hajamwona mama kwa miaka mitano, anahofia kwamba akitoka hatapata viza ya kurudi. Baba anamshauri asihatarishe karatasi zake. Mjomba anapiga simu.

Angeweza kuanza na ukweli huu, halafu ndoto ije kama kitulizo. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo penye ufundi. Kwa kuwa ndoto imetangulia, msomaji ameshaketi pale kitandani. Mama hapewi maneno yoyote ya kujibu. Anasikiliza, anapumua, na nafasi ya kujibu inabaki wazi. Aliye karibu nayo ni wewe unayesoma. Hata asiyekubaliana na mwandishi ameshayasikia maneno yale kwa sikio la mzazi kabla hajayapima kwa sikio la siasa. Wala hakutegwa: aliambiwa tangu mstari wa kwanza kuwa ni ya kubuni, akaingia kwa hiari yake.

Simulizi la pili linamfunga zaidi. Nani kati yetu hajui familia iliyozika mzazi huku mtoto mmoja amekwama ughaibuni kwa sababu ya viza? Uchungu huo hatuhitaji kuelezwa. Tunaupokea kwanza, halafu tunagundua kwamba hautengani na siri, kwa sababu mwandishi anataja hofu na aibu miongoni mwa yaliyomweka mbali na mama. Ukimlilia mwana aliyechelewa, umemlilia huyuhuyu mwenye siri.

Sehemu za utotoni zinazofuata ni nzuri, zimejaa hisia za mtoto asiyejua jina la kinachomsumbua. Ila hapo msomaji amerudishwa kuwa mtazamaji, na mimi hunipoteza kidogo.

Sheria nayo ina njia yake ya kumsikiliza mtu: Oktoba 2014, mwaka uleule wa maandishi haya, Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya libadilishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa akihesabiwa mvulana, na liondoe alama ya jinsia. Ushindi ule nauheshimu sana. Lakini amri ya mahakama hutumwa ofisini. Haiwezi kumketisha mzazi akamsikiliza mwanawe. Natamani kusoma hadithi ya Kiswahili itakayowapa watu kama Audrey kitanda cha namna hii, na msikilizaji wa namna hii. Kwa sasa, kikundi chochote cha wasomaji hapa Thika kingeweza kuanza na ukurasa wa kwanza wa Binyavanga, usomwe kwa sauti, na msomaji awe mzazi, si kijana.