Hongera, wanakili wa Lamu

Ukiusoma Utendi wa Mwana Kupona bila kujua zama zake, utaona wosia wa utii tu. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, akiwa mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Hapo ndipo maneno yanapopata uzito: anamwachia bintiye kinga.

Tenzi kama huu zimetufikia kwa mikono ya wanakili. Muhamadi Kijuma, mshairi na mchonga milango wa Lamu, alizinakili kwa hati za Kiarabu, vipande vinne katika mstari mmoja, alama ndogo zikivitenga. Baadhi ya nakala zake zimehifadhiwa London. Kazi adhimu mno! Nawe mwenye miswada ya mababu sandukuni, usiitupe. Wasomeshe vijana hati ile.