Mafundi wa Dalsima wa Hindman

Kaunti ya Knott, mashariki mwa jimbo la Kentucky nchini Marekani, imetajwa kwa makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka mia. Siku hizi mgeni akifika huelekezwa ziwa la Carr Creek, au hupandishwa milimani, kwenye ardhi iliyochimbwa makaa ikafukiwa, ambako watu huendesha farasi na pikipiki. Kuna pia elki, jamii ya kulungu wakubwa sana waliokuwa wametoweka Kentucky wakarudishwa kuanzia mwaka 1997. Wamenawiri kwenye nyasi zilizopandwa juu ya machimbo. Vyote hivyo vinapendeza. Mimi ningemshusha mgeni bondeni, mji mdogo wa Hindman, akaangalie watu wanavyounda dalsima.

Dalsima ya milimani ni ala ndefu, nyembamba, ya nyuzi tatu, inayolazwa mapajani. Aliyezoea taarab ya Mombasa aifikirie taishokoto isiyo na vitufe: uzi mmoja hubeba wimbo, nyingine huvuma chini yake palepale. Wazee wa milimani walibonyeza uzi wa wimbo kwa kijiti, wakazipiga nyuzi kwa unyoya wa ndege.

Umbo linalotambulisha dalsima za Hindman, lenye kiuno chembamba na matundu yaliyochongwa kama moyo, lilitoka kwa James Edward Thomas, aliyezaliwa 1850. Wenyeji walimwita Mjomba Ed. Alianza kuziunda mwanzoni mwa miaka ya 1870, na husimuliwa kwamba alizisukuma kwenye mkokoteni toka bonde hadi bonde, akimpigia yeyote aliye tayari kusikiliza. Alifariki 1933, lakini umbo lake lilishapata mrithi: Jethro Amburgey, aliyejifunza kwake kisha akafundisha useremala katika Hindman Settlement School, shule iliyoanzishwa 1902 na Katherine Pettit na May Stone. Amburgey aliunda dalsima zaidi ya elfu moja, akizipa namba moja baada ya nyingine.

Kazi yenyewe haina haraka. Mbao za ubavuni, mara nyingi za mjozi au mcheri, hupigwa randa mpaka zibaki na unene wa milimita mbili hivi. Fundi huzilowesha, kisha huukandamiza ubao kwenye chuma cha moto na kuusukuma taratibu. Mwanzoni ubao hugoma. Mvuke ukishapenya, nyuzinyuzi za mti hulegea na mkono huhisi ubao unakubali. Hapo ndipo pa hatari, maana anayeshangilia mapema akaongeza nguvu huusikia ukilia kah! na kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Akitulia, ubao hupinda kiunoni, hubanwa kwenye kalibu, na huachwa ukauke na umbo lake jipya.

Halafu kuna viwaya vya chuma vinavyopangwa kwenye shingo kugawa sauti. Kiwaya kinachopandisha sauti oktava moja kamili hukaa katikati ya urefu wa uzi. Vilivyobaki havilingani nafasi: dalsima ya asili haina sauti zote kumi na mbili za piano, ina zile saba za ngazi ya kawaida tu, kwa hiyo mwanya mmoja huwa mpana na wa pili mfinyu. Kadiri unavyopanda, ndivyo nafasi zinavyobana, na huko juu kosa la milimita moja kila mwenye masikio atalisikia. Katika ala nyingi za kale viwaya hivyo vilikuwa vipande vya waya vilivyopindwa na kugongomelewa chini ya uzi wa wimbo peke yake. Nyuzi za kuvuma hazikuvihitaji, na fundi hakuona sababu ya kupoteza waya.

Huo ubahili ndio ninaousifu zaidi. Mti mmoja wa mjozi hutosha dalsima nyingi. Na Knott inajua vizuri gharama ya uchimbaji usio na kiasi: mwaka 1965 mjane Ollie Combs aliketi mbele ya tingatinga lililokuja kuchimba makaa juu ya nyumba yake, akabebwa na polisi hadi jela.

Ufundi huu haujabaki kwenye kabati la makumbusho. Doug Naselroad alianzisha shule ya kuunda ala za nyuzi mjini hapo, na mwaka 2019 kikafuata kiwanda kidogo kilichopewa jina la kijito cha Troublesome. Baadhi ya wanaofundishwa ni watu wanaojinasua kwenye uraibu wa dawa, janga lililoziumiza sana jamii hizi. Kwao benchi la kazi ni sehemu ya tiba, na hata hivyo ubao uliopasuka hauwaonei huruma. Wanachukua mwingine na kuanza tena.

Mafuriko ya Julai 2022 yaliuingia mji. Matope yaliingia karakana, yakaloanisha mbao na mashine, na kumbukumbu za Hindman Settlement School pia zililoa. Mafundi walisafisha wakarudi kazini.

Ukipata nafasi ya kufika, usiishie kutazama ala zilizokamilika. Omba uoneshwe upindaji wa mbao, ukae mpaka ubao utoke kwenye kalibu.